Ufunguo Ukae na Fundi

Kinu cha kusaga unga kikinyamaza ghafla katikati ya kazi, macho ya watu hukimbilia kwenye taa. Taa nayo ikiwa imezima, jibu ni moja: stima imepotea. Wateja huweka mikebe yao chini, mwenye kinu hutoka nje kuuliza majirani, na kijana anayesimamia mashine huona amepata nafasi ya kumaliza lile dogo aliloliahirisha tangu asubuhi. Atainua kifuniko, atie mkono, ang'oe kipande cha kamba ya gunia kilichojisokota kwenye nyundo za ndani. Mashine haizunguki, hata mtoto anaona.

Hapo ndipo fundi ninayetaka kumsifu humshika kijana mkono na kumrudisha nyuma. Mashine iliyokimbiwa na stima haijafungwa. Swichi yake ingali imewashwa, na atakayeirudisha stima yuko mbali, pengine kwenye transfoma ya mtaa wa pili, wala hana habari kwamba Shauri Moyo kuna vidole ndani ya kinu. Tena ile taa iliyotegemewa ni shahidi dhaifu. Taa ya chumbani hula fezi moja tu, mota ya kinu hula tatu. Fezi hiyo ya taa ikikatika, taa huzima na mota hushindwa kuzunguka, huku nyaya mbili zilizobaki zikiwa na nguvu ile ile ya volti 415 baina yao. Chumba ni giza, mashine imetulia, na mauti yamekaa mle mle kwenye stata, kile kisanduku cha kuwashia mota.

Shauri Moyo ni mtaa wa zamani kwa hesabu ya Nairobi. Ulijengwa na baraza la mji mwishoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Leo una Jogoo Road upande mmoja, Pumwani upande wa pili, Gikomba karibu, soko la Burma pale pale. Jirani yake ni mabanda ya mafundi wa chuma wa Kamukunji, ambao Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mwaka 1985 akaagiza wajengewe vivuli vya kufanyia kazi. Mgeni huzisikia nyundo zao kabla ya kuyaona mabanda. Humo hutoka masanduku ya wanafunzi, karai, toroli, mabeleshi, mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Jiko lile la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya nzima tangu miaka ya 1980 kwa kuwa linaokoa makaa, vazi lake la bati lilipigwa sana na mikono ya watu wa huku.

Sehemu kubwa ya kazi ya Kamukunji hadi leo ni ya mkono, na kifaa cha mkono kina adabu moja kubwa: mkono ukikoma, nacho hukoma. Nyundo haiwezi kuinuka yenyewe ikampiga mtu aliyeinama kuitazama. Lakini kuzunguka wale wenye nyundo wako wenye mashine. Kuna mikasi mikubwa ya kukatia mabati, kerezo, grinda, misumeno ya mbao huko Gikomba, misumeno ya mifupa kwenye bucha, kompresa za kupigia rangi, na vinu vya unga karibu kila mtaa wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Hizo hazina adabu ya nyundo. Zikikoma hazijulikani zimekoma kwa sababu gani wala kwa muda gani, na kuzitengeneza ni kuingiza mwili mahali ambapo mwenye kuziunda hakukusudia mwili uingie.

Fundi ninayemzungumzia nitamwita fundi tu, kama wateja wake wanavyomwita. Hutengeneza mota, vinu na misumeno. Mkoba wake una spana, bisibisi, nyundo ya mpira, grisi na kipimo cha umeme chenye nyaya mbili. Una pia kufuli moja lililopakwa rangi nyekundu, mnyororo mfupi, na kadi ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: USIWASHE. FUNDI YUKO NDANI. Chini yake pana nambari yake ya simu. Ufunguo wa kufuli hauko kwenye mkoba. Uko mfukoni mwake, na ni mmoja.

Akifika kwenye kinu kilichoharibika, kwa muda mrefu hashiki chochote. Mtu asiyemjua angedhani anapoteza wakati. Husimama akauliza: kilianza lini kupiga kelele, nani alikizima, kilizimwa kwa kitufe au kwa swichi ya ukutani. Kisha huanza kufuata waya. Huanzia kwenye mota, akapanda nao kwa macho hadi kwenye stata, kutoka stata hadi swichi kubwa, kutoka swichi hadi mita, akiupitishia kidole hewani bila kuugusa. Vyumba vya biashara vya mitaa hii vimegawanywa na kugawanywa tena, na waya uliopita ukutani wakati wa mwenye duka wa kwanza bado hupita kwa wa tatu. Huenda mota ya mama mwenye kinu ikalishwa na swichi iliyo upande wa jirani anayechomelea madirisha. Huenda swichi yenye maandishi "kinu" ikawa ya friji. Fundi hasadiki maandishi mpaka waya uyathibitishe, na mara nyingi kazi hii ya kufuata waya humchukua muda mrefu kuliko kubadilisha mkanda wenyewe.

Hatua hii ya kwanza ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Kila mtu anaweza kununua kufuli. Kujua mahali hasa pa kulitia ndiko kwenye elimu, na elimu hiyo huanza kwa kukubali kwamba bado hujui.

Akishajua, hutangaza. "Mama, nafunga mashine. Mtu asiguse hapa mpaka niseme mimi mwenyewe." Humwambia mwenye kinu, humwambia kijana, huwaambia na wateja waliokaa kwenye gunia, kwa sababu mteja mwenye haraka ni mkono mwingine unaoweza kufika kwenye swichi. Halafu huzima kwa utaratibu: kwanza kitufe cha kuzimia, mota ipumzike, ndipo swichi kubwa. Swichi huivuta akiwa amesimama kando ya kisanduku, uso ameugeuza. Swichi iliyozeeka inaweza kulipuka cheche inapokatwa, na yeye hataki uso wake uwe mbele ya mlango wake.

Visanduku vizuri vina tundu kwenye mkono wa swichi, tundu lililowekwa kwa kazi hii tu. Kufuli hupita humo na mkono haupandi tena. Vingi vya huku tundu limevunjika, au kisanduku ni cha aina isiyokuwa nalo. Hapo fundi hung'oa fyuzi zote tatu akazitia mfukoni, akafunga mlango wa kisanduku kwa mnyororo na kufuli. Kwa breka ndogo za kisasa ana kibano alichokatiwa Kamukunji kutokana na kipande cha bati nene. Hukaa juu ya kidole cha breka, kikapitishwa kufuli, na breka ikabaki chini hata ukiisukuma kwa bisibisi. Viwandani kifaa cha namna hiyo huagizwa kutoka ng'ambo. Huku kimechongwa na jirani kwa kupimia breka yenyewe, na kinafanya kazi ile ile.

Mashine ya plagi ina njia yake. Msumeno wa mifupa wa buchani ukioshwa, plagi hung'olewa na kuwekwa mbele ya macho ya anayeosha, karibu kiasi cha kuigusa. Plagi iliyong'olewa ikaachwa nyuma ya kaunta si yako tena, ni ya yeyote atakayepita akaiona imelala chini na kufikiri amesaidia kwa kuirudisha.

Sasa kufuli limekaa, kadi inaning'inia, na mafundi wengi wangeanza kufungua bolti. Yeye bado. Hurudi kwenye mashine akabonyeza kitufe cha kuwashia. Anataka mashine imkatalie. Ikimkatalia, hubonyeza tena cha kuzimia, ili amri ya kuwasha isibaki imesahauliwa mahali. Kisha hutoa kipimo chake.

Watu wengi mtaani hupimia kwa testa ya bisibisi, ile yenye taa ndogo kwenye mpini. Fundi hanayo, na sababu zake ni nzuri. Taa ile huwaka kwa umeme mdogo unaopita mwilini mwa anayeishika. Kwenye viatu vya mpira na sakafu kavu inaweza kufifia, na kwenye mwanga wa jua la mlangoni hutaiona hata ikiwaka. Chombo cha kukuambia kwamba hutakufa hakipaswi kutegemea viatu vyako. Kipimo chake cha nyaya mbili hukijaribu kwanza mahali anapojua pana stima, kwa kawaida soketi ya jirani. Kikionyesha volti 240, anajua kizima. Ndipo hupima mota: fezi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, kisha kila moja na waya wa ardhi. Akipata sifuri zote, haridhiki. Hurudi tena kwenye soketi ya jirani kuhakikisha kipimo hakikufa katikati ya kazi. Sifuri iliyosomwa na kipimo kibovu hufanana kabisa na sifuri ya kweli.

Anapima fezi zote kwa sababu swichi hudanganya. Vyuma vya ndani vikiwahi kuungua, kimoja huweza kushikana na mwenzake. Mkono wa swichi unashuka, maandishi yanasema imezimwa, fezi mbili zimekatika kweli, na ya tatu inaendelea kupita kimya kimya. Kufuli zuri kabisa juu ya swichi ya namna hiyo limefunga uongo. Kipimo pekee ndicho kingelijua.

Ukishamaliza umeme hujamaliza nguvu, na hapa ndipo mafundi wengi wa umeme huishia mapema. Mota ya kinu huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, na nyundo za ndani, zilizopangwa kwenye shafti nzito ya chuma, haziachi kuzunguka kwa sababu umekata stima. Huendelea, huku sauti ikishuka polepole kutoka mlio hadi mvumo hadi mkwaruzo. Mlio ukishakwisha, sikio linaamini zimesimama, na bado zinazunguka. Fundi hungoja. Hatii kijiti kuzizuia, hainui kifuniko kuchungulia. Puli zikishasimama, hutoa kwanza kinga ya mkanda, huulegeza mkanda, huuvua, akauning'iniza mahali mbali. Sasa hata kama dunia yote ikirudisha stima kwa mota ile, shafti ya kinu haina habari nayo. Halafu huishika shafti kwa kipande cha mbao ili isijipindue mkono ukiwa baina ya nyundo, maana nyundo zilizochakaa upande mmoja huwa nyepesi upande huo, na upande mzito utatafuta kushuka.

Kila mashine ina mahali pake pa kuficha nguvu, na kuyajua maficho hayo ni nusu ya ufundi. Kompresa huficha hewa kwenye tangi, na hewa hiyo haijui swichi. Hufunguliwa valvu ya chini mpaka mshale wa geji ulale kwenye sifuri. Mashine ya kubonyezea maumbo ya bati ina gurudumu zito linaloendelea kuzunguka, na juu yake kichwa cha chuma kilichoinuliwa. Gurudumu hungojwa, na kichwa hutiliwa gogo chini yake kabla mtu hajaingiza mkono. Mashine za kisasa za kuchomelea, zile ndogo za kubebwa begani, zina kapasita zinazoweza kushika chaji baada ya plagi kung'olewa, kwa hiyo huachwa zitulie kisha zikapimwa. Springi iliyobanwa, mzigo ulioinuliwa, bomba lililojaa, sahani ya moto iliyozimwa sasa hivi, vyote vinaonekana vimelala.

Niliwahi kumwuliza kwa nini ufunguo ni mmoja. Akanieleza habari ya beringi. Fundi akifungua kinu akakuta beringi imekwisha, hana budi kwenda Kirinyaga Road kutafuta nyingine. Anatoka Shauri Moyo, anapanda matatu, foleni imeshikana Landhies Road, duka la kwanza halina saizi hiyo, la pili linayo kwa bei ya juu. Muda wote huo kinu kiko wazi, nusu yake imefunguliwa, bolti ziko kwenye mkebe wa samli. Mama mwenye kinu anawaona wateja wakiondoka kwenda kwa mshindani wake. Atapiga simu. "Fundi, hebu tufungulie tusage kidogo, utaendelea ukirudi." Kama kuna ufunguo wa akiba kwenye droo, hiyo simu haitapigwa hata. Mtu atafungua, kwa nia njema kabisa, na kuwasha mashine isiyo na kinga wala beringi. Ufunguo ulioko Kirinyaga Road, mfukoni mwa mtu aliyekwama kwenye foleni, ndio unaomlinda kijana aliyebaki dukani.

Kwa hiyo mama akimwambia, "Niachie ufunguo mmoja, mimi si mtoto," yeye humjibu kwa upole ule ule kila mara: "Najua, mama. Lakini mimi ndiye nimefunga, na mimi ndiye nitafungua." Hubisha bila kuinua sauti, na hajawahi kuniambia kwamba mwenye kinu ni mpumbavu. Anajua hesabu anayoipiga mama yule. Kila saa ya kinu kilichosimama ni unga ambao hautauzwa, na kodi ya chumba haisimami.

Wakiwa mafundi wawili, makufuli huwa mawili. Viwandani Industrial Area kuna komeo la chuma lenye matundu mengi, likaingizwa kwenye swichi, na kila mtu aliye ndani ya mashine akatia kufuli lake. Wa kwanza kumaliza hutoa lake na mashine haifunguki, wa pili hutoa lake na bado haifunguki, mpaka wa mwisho atoke. Hakuna haja ya msimamizi kukumbuka nani yuko ndani, kwa kuwa chuma kinakumbuka. Fundi wetu hufanya hivyo kwa mnyororo: kufuli la mwenzake hupachikwa kwenye pete ile ile na lake.

Kumbukumbu za watu hazitoshi, na ushahidi wake mkubwa umo kwenye Bahari ya Kaskazini, usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo. Valvu yake ya usalama ilikuwa imetolewa, na mdomo wa bomba ukazibwa kwa kifuniko cha muda. Karatasi ya kibali iliyoeleza hivyo haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozimika, walitazama vibali walivyokuwa navyo, hawakuona cha kuwazuia, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikatoka, ikalipuka, na watu 167 wakafa. Mwaka uliofuata Marekani ilitoa kanuni yake ya kitaifa ya kufungia mashine wakati wa matengenezo, na wakuu wa huko hukadiria kwamba kanuni hiyo huzuia vifo kama 120 na majeraha 50,000 kila mwaka. Karatasi inaweza kubaki mezani mwa mtu mwingine. Kufuli hukaa pale pale penye swichi, na anayetaka kuwasha hana budi kukutana nalo.

Kenya nayo ina sheria. Ya viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, na mwaka 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayogusa kila mahali pa kazi na kumtaja hata aliyejiajiri. Inampa mfanyakazi haki ya kuripoti hatari kubwa iliyo mbele yake na kutolazimishwa kurudi mpaka iondolewe. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya fidia, ambayo kwa aliyelemaa kabisa hutaja mapato ya miezi 96. Lakini fidia hudaiwa kwa mwajiri, na kwenye vyumba vya Shauri Moyo mara nyingi mwajiri ni mjomba, au ni rafiki, au hayuko kabisa. Mkaguzi wa serikali haonekani mara kwa mara kwenye kinu cha mtaani. Ndiyo maana namwona fundi huyu kuwa mtu muhimu. Sheria imemfikia kwa njia ya mazoea yake mwenyewe, na kutoka kwake inawafikia vijana ambao hawataisoma kamwe.

Anao kijana mmoja anayemfundisha. Humfundisha kwa kumfanya angoje, na kwa kijana wa Eastlands kungoja ni kazi ngumu kuliko kubeba mota. Kijana ndiye anayefuata waya sasa, naye fundi hukaa nyuma akimtazama. Akikosea, fundi haropoki, humwuliza tu, "Na huu unaenda wapi?" Kijana hurudi kuanzia kwenye mota. Kijana amenunuliwa kufuli lake, la samawati, ili lisichanganyike na la mzee, na ufunguo wake hakuna mwingine anayeushika, hata mwalimu wake. Hilo la mwisho lilinishangaza, kisha nikaona mantiki yake. Kama mwalimu angeweza kulifungua kufuli la mwanafunzi, basi maisha ya mwanafunzi yangekuwa mikononi mwa kumbukumbu ya mzee mmoja mwenye shughuli nyingi.

Kuna hoja dhidi ya haya yote, na si ya kupuuzwa. Mafundi wengine husema kwamba wamefanya kazi miaka mingi bila kufuli na vidole vyao vyote viko. Ni kweli, wapo. Husema pia kwamba mteja hatalipia nusu saa ya kutazama ukuta, na kwamba fundi wa haraka atapata kazi tatu wakati huyu anapata moja. Hilo nalo ni kweli. Isipokuwa wasemao hivyo ni wale waliobaki kwenye kazi. Aliyepoteza mkono hayuko tena bandani kutoa ushahidi, amekwenda nyumbani kwao au anauza kitu kingine barabarani. Na stata nyingi zilizokuwa zikiwakinga bila wao kujua zinaondoka. Stata nzuri ina kontakta inayoachia stima ikipotea, na ikirudi mota haianzi mpaka mtu abonyeze kitufe. Ikiungua, wengi huiruka na kuunga mota moja kwa moja kwenye swichi kwa kuwa ni rahisi. Mashine ya namna hiyo huanza yenyewe mara tu stima inaporudi. Fundi akiikuta, hatengenezi kingine mpaka ametia stata, na ameshapoteza wateja kwa msimamo huo.

Kufungua mashine nako kuna mpango wake, na yeye haukimbilii. Vifaa vyote hurudi kwenye mkoba kimoja kimoja, vikahesabiwa kama mama ahesabuvyo watoto baada ya kuvuka Jogoo Road, kwa sababu spana iliyosahauliwa ndani ya kinu huwa risasi. Mbao ya kushikia shafti hutolewa. Shafti huzungushwa kwa mkono mzunguko mzima kusikiliza kama kuna kinachogusa. Chekeche hurudishwa, kifuniko hukazwa, mkanda huvishwa, kinga ya mkanda hufungwa kwa bolti zake zote, hata ile ya nyuma isiyoonekana ambayo wengine huiacha. Huwaita watu kwa sauti: "Natoa kufuli!" Hungoja kuona kila mmoja amesimama wapi. Kijana hutoa lake la samawati kwanza, kisha fundi lake jekundu. Husimama kando, huinua swichi, hubonyeza kitufe, na kabla ya kumruhusu mtu kumwaga mahindi huisikiliza beringi mpya ikizunguka tupu. Usagaji wa kwanza hauendi kwa mteja, kwa kuwa una grisi na vumbi la chuma. Huwekwa kando utupwe.

Kisha huandika risiti kwenye kitabu kidogo cha karboni. Beringi, kiasi fulani. Nyundo, kiasi fulani. Mkanda, kiasi fulani. Kazi, kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho mama hukibishia, akisema fundi mwingine angechukua kidogo. Ndani ya neno hilo moja "kazi" kumefichwa kufuata waya, kupima mara tatu, kungoja shafti, safari ya Kirinyaga Road na ufunguo mfukoni. Nimemshauri aandike mstari wake peke yake: kufunga mashine, na bei yake. Yeye anaona wateja watadhani anawatoza kwa kitu kisichokuwapo. Mimi naona wataanza kuuliza ni nini, na akishawaeleza wachache, watawauliza mafundi wengine mbona kwenye risiti zao mstari huo haupo.